Barua ya Kazi na Siku ya Nikaha

Katika mwezi wa Januari mwaka 2025, baina ya Maghribi na Isha, tulijiwa darsani na mzee mmoja, jirani wa wengi wetu hapa Mombasa, naye ana bahasha mkononi. Bahasha ile ilikuwa ya binti yake. Ndani yake mlikuwa na barua ya Tume ya Huduma za Walimu, yasema kwamba binti ameandikwa mwalimu katika shule moja ya upande wa Garsen, na kwamba yampasa afike mbele ya mkuu wa shule katika siku zilizotajwa, na asipofika nafasi ile atapewa mwengine. Binti alimaliza chuo kikuu tangu miaka minne, na muda wote huo alikuwa akisomesha kwa ujira mdogo katika shule za watu binafsi, akiingoja barua hiyo kama mkulima angojavyo mvua. Nayo ilipofika ilikuta harusi imekwisha kuwekwa: ukumbi umetolewa arubuni, kadi zimepigwa chapa, begi limenunuliwa, na siku yenyewe ni ya mwezi wa Shaabani, katikati ya muhula.

Wazee wa upande wa mume walikuwa wamekwisha kutoa shauri lao, nalo ni kwamba binti aiache kazi, kwani Garsen ni mbali na mtu haoi mke akakaa peke yake. Mama yake binti naye alisema harusi haiondoki siku yake, kwani watu wamekwisha alikwa hata wa Lamu na Malindi. Na binti mwenyewe alikuwa hasemi ila analia. Mzee akatuuliza neno moja tu: "Masheikh wangu, niache lipi?"

Tulimjibu usiku ule kwa kadiri ya ilimu yetu. Lakini kabla ya mwezi kwisha tukajiwa na wengine wawili wenye swali lililo ndugu ya hilo, mmoja wao kijana wa kiume aliyeandikwa ualimu na huku anaposa. Ndipo tulipoona yafaa jambo hili tulifanyie somo, wapate kulisoma na wasiohudhuria.

Jawabu yetu ya kwanza kwa mzee ilikuwa kwamba swali lake limekosa njia. Yeye adhani nikaha na kazi zimegongana, na hazikugongana. Kilichogongana na kazi ni yale tuliyoyapandisha juu ya nikaha, sakafu juu ya sakafu, mpaka mlango wa chini hauonekani.

Tuutazame basi mlango wenyewe. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi nguzo za nikaha ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Mahari ni wajibu na ni haki ya mke, walakini si nguzo, na nikaha husihi hata yasipotajwa. Sheria ya nchi, nayo ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, imetaka umri wa kila mmoja uwe umetimia miaka 18, na anayefungisha awe ni kadhi, au sheikh, au imamu aliyepewa idhini, kisha ndoa iandikwe na hati itolewe. Mambo hayo yote, yakikusanywa pamoja, hayazidi muda wa kunywewa birika moja la kahawa.

Na iko hadithi ya Sahl bin Saad, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo twapenda kila mwalimu anayeoa aijue. Maana yake ni kwamba alikuja bibi mmoja kwa Mtume S.A.W. akijitoa nafsi yake kwake, na Mtume hakumhitaji. Akasimama mtu mmoja akamtaka yeye. Mtume akamuuliza ana nini cha kumpa, hana kitu. Akamwambia akatafute japo pete ya chuma. Akaenda akarejea, hana hata hiyo. Hana ila shuka aliyojifunga, na shuka moja haiwezi kugawanywa kwa watu wawili. Mwisho akamuuliza ana kiasi gani cha Qur'ani, na yule mtu akazitaja sura anazozihifadhi. Basi Mtume akamwoza kwa hizo, na katika riwaya moja ya Muslim akamwamuru amsomeshe. Imam Shafi ameifanya hadithi hii kuwa hoja kwamba kusomesha Qur'ani kwafaa kuwa mahari, na wengine, kama Mahanafi wa kwanza, wamekhitilafiana naye. Sisi hatukuileta hapa kwa ajili ya khitilafu hiyo. Twataka msomaji atazame jambo jingine: mtu yule alipata kazi ya kusomesha na mke katika kikao kimoja, na hiyo kazi ndiyo iliyokuwa mahari yake.

Tukitoka hapo tukaja katika mitaa yetu, twaona nini? Kuna posa na kupeleka jawabu, kuna kilemba na mkaja, kuna begi, kuna siku ya singo, kuna hina, kuna kesha, kuna siku ya nikaha na chakula cha wanaume, kuna kupamba usiku wake katika ukumbi, kuna fungate. Hatukusema kwamba haya ni haramu. Wala hatutaki tuhesabiwe na wale wanaomwona kila mwenye furaha kuwa ni mwenye dhambi. Bibi zetu wakitiana hina kwa heshima na kumwimbia binti yao, hilo ni jambo zuri, na Mtume S.A.W. mwenyewe aliwaachilia watu wake wapige dufu katika harusi. Twasema tu kwamba haya ni ada, na ada hutumwa, haitumikiwi. Mtu akikuambia siku ya kupamba haiondoki hata kazi ya mtoto ikipotea, basi huyo amekwisha kuigeuza ada kuwa nguzo ya sita.

Wala jambo hili si jipya. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa nguo na kwa karamu, huyu akichinja na yule akizidisha. Sheikh Al-Amin bin Ali Al-Mazrui alipotoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930, na baada yake Al-Islah mwaka 1932, aliwakemea watu wake kwa israfu na huku akiwasukuma watafute ilimu. Lelemama imepungua mno. Mashindano hayakupungua, ila yamehama kutoka uwanjani yakaingia katika ukumbi wa kukodi, na mpiga picha amechukua mahali pa mpiga ngoma.

Tulimwambia mzee, basi, agawe mafungu mawili. Nikaha ifungwe sasa, msikitini, kabla binti hajaondoka. Walima na kupamba viwekwe likizo ya Aprili. Kwani hapana katika fikihi neno linalolazimisha nikaha na karamu ziwe siku moja. Walima ni sunna iliyotiliwa mkazo na wakati wake ni mpana. Nayo haina kipimo: kwa Abdurrahmani bin Auf, naye ni mfanya biashara, Mtume S.A.W. alimwambia afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Na yeye mwenyewe alipomwoa Bibi Safia walikuwa njiani wakirejea kutoka Khaybar, zikatandikwa ngozi, zikatiwa tende na jibini kavu na samli, watu wakala. Hapakuwa na mkate wala nyama. Harusi ile ilifanywa safarini, katikati ya kazi nzito, na kazi haikusimama.

Hapo akatokea shangazi mmoja (khabari hii tuliletewa na mzee mwenyewe, huku akicheka) akasema kwamba Aprili mwaka huo ni Mfungo Mosi, na harusi ya baina ya Idi mbili haina kheri. Wako na wengine wanaouchelea Mfungo Tano, na wengine hawaweki siku ila wamekwenda kwa mtazamia nyota. Jawabu ya hayo imo katika Sahihi ya Muslim, nayo imetoka kwa Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Waarabu wa zama za ujinga walikuwa wakiuchukia huo huo mwezi wa Shawwal, yaani Mfungo Mosi, kwa ndoa. Naye Bibi Aisha akawaeleza watu kwamba yeye aliolewa na Mtume katika Shawwal, akaingia nyumbani kwake katika Shawwal, na akawauliza ni nani katika wakeze aliyekuwa na bahati kwake kuliko yeye. Shangazi alipoelezwa akanyamaza. Sisi twaongeza kwamba mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo likizo ya Aprili iliyokuwa Mfungo Mosi mwaka 2024 na mwaka 2025 itakuwa katika mwezi mwengine baada ya miaka michache. Lakini likizo itabaki ni likizo. Mwalimu anayeweka siku ya harusi afungue kalenda ya shule: muhula wa kwanza huanza Januari ukaisha mwanzo wa Aprili, wa pili humalizika Agosti, wa tatu hukoma baina ya Oktoba na Novemba, na baada yake huja ile likizo ndefu. Nyota haitamfungulia mlango wa darasa.

Tumesema haya kwa sababu ya jambo ambalo watu hulipita wakidhani ni dogo. Wanafikihi wamewagawanya wafanya kazi wa ujira mafungu mawili. Yuko anayefanyia watu wote, kama fundi wa cherehani, huyu hulipwa kwa kile kitokacho mkononi mwake, na saa zake ni zake. Na yuko ajiri khasi, ambaye alichokiuza ni ule wakati wenyewe. Mwalimu wa mshahara ni huyu wa pili. Saa za darasa alizokubali si mali yake tena, naye akizitumia kwa kwenda kuchagua viti vya ukumbi bila ya idhini, kisha akachukua mshahara kamili, basi amekula asichokifanyia kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, lakini mwalimu wa serikali huichukua yake shule zikiwa zimefungwa. Akitaka siku mbili tatu katikati ya muhula, aombe kwa maandishi kwa wakubwa wake. Wakimpa ni ihsani yao, na wakimnyima hawakumdhulumu.

Na hapa yatupasa tuseme wazi, japo wengine watachukia. Imekuwa desturi ya baadhi ya watu wetu, likija jambo la harusi, kwenda kwa tabibu wa urafiki wakatoa karatasi kwamba fulani ni mgonjwa, apumzike siku saba. Wa siku saba hizo ni bibi harusi mwenye hina mpaka viwikoni! Akirejea shuleni watoto hutazama mikono yake, kisha husikia mwalimu wa zamu akisema alikuwa na homa. Watoto wa darasa zima wamekwisha kupata somo, na hakuna somo lolote la mwaka ule watakalolikumbuka zaidi ya hilo.

Tukija katika mali, kijana wa pili aliyetujia alikuwa na hesabu yake katika simu, akatuonyesha. Ameandikwa kazi mwezi huo, hajapokea hata mshahara mmoja, na juu yake pana mahari, begi, kitanda na makabati, chakula cha watu mia nne, na nguo za ndugu zake wa kike zinazofanana. Alitaka kujua tu kama mkopo wa kukatwa katika mshahara wafaa, kwani wenzake walimwambia mwalimu hukopeshwa upesi. Tulimwambia aanze kuhesabu mahali pengine. Mshahara wa kwanza wa mwalimu mpya mara nyingi huchelewa mwezi au zaidi, mpaka karatasi zake zikamilike. Na katika muda huo atalipa nauli, kodi ya chumba na rehani yake, godoro, jiko, na chakula mpaka tarehe isiyojulikana. Na si kila aingiaye darasani huingia kwa mshahara kamili: walimu wa mafunzo walioandikwa mwaka 2023 kwa shule za sekondari ya chini walipewa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Mtu wa kipato hicho akilisha watu mia nne, amelisha kwa mali ya nani?

Sheria ya Ajira hiyo hiyo imekataza makato yote ya mfanya kazi kupita theluthi mbili ya mshahara, ili imbakie theluthi. Watu huisoma kama ruhusa ya kufika hapo. Wakisha kufika hapo huingia katika mikopo ya simu, inayotolewa usiku wa manane na kudaiwa alfajiri. Uharamu wa riba hatuna haja ya kuuthibitisha kwa wasomaji wetu. Katika Muslim imekuja kwa Jabir kwamba amelaaniwa anayeila na anayeilisha na anayeiandika na mashahidi wake wawili. Lakini hata deni lisilo la riba lina ubaya wake. Mtume S.A.W. alikuwa akiomba kwa wingi aepushwe na deni, na alipoulizwa sababu akaeleza kwamba mtu akiingiwa na deni husema akasema uongo, na huahidi akavunja. Tutazame hali ya mwalimu huyu: asubuhi asimama mbele ya watoto kuwafunza ukweli, na saa nne simu yalia, amwambia mwanafunzi aipokee aseme mwalimu hayupo.

Kijana aliuliza, watu watasema nini? Tukamjibu watasema siku tatu, na mkopo atakatwa miezi thelathini na sita. Mahari ya wake za Mtume, kwa hadithi ya Bibi Aisha iliyomo katika Muslim, yalikuwa dirhamu 500. Ambaye hana cha kutoa sasa, aafikiane na mke kiasi gani kitangulie na kiasi gani kibakie deni juu yake, liandikwe; kwani hilo ni deni la haki kwa mwenyewe, si deni la kuwashibisha majirani. Kuhusu kamati za harusi zinazopita ofisini na katika makundi ya simu kukusanya michango, twapita haraka: mwenye kuchanga kwa moyo wake ni thawabu yake, na kumhisabia mwenzio kwamba hakutoa ni jambo la aibu.

Tumrejee binti wa Garsen, kwani jambo lake kubwa bado. Mzee alipokubali nikaha itangulie, ami yake mume akatuma neno kwamba nikaha hawaikatai, lakini baada ya nikaha amri ni ya mume, naye akitaka ataiachisha kazi. Neno hili ndilo lililomkosesha mzee usingizi, na ana haki. Kumwoza binti asiyejua kesho yake ni kumtupa kisimani na kumwambia asiloe.

Masharti ya nikaha yana maneno marefu kwa wanazuoni. Mtume S.A.W., kwa riwaya ya Uqba bin Amir katika Bukhari na Muslim, amefundisha kwamba sharti lenye haki zaidi ya kutimizwa ni lile ambalo kwalo mtu amehalalishiwa mke. Imam Ahmad ameichukua hadithi hii kwa upana wake: mke akishurutisha asitolewe mji wake, au asiolewe juu yake, sharti humfunga mume, na akilivunja mke ana khiyari ya kuvunja nikaha. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar alihukumu hivyo, akasema haki hukatwa na masharti. Ama katika madhehebu yetu ya Shafi, sharti la mfano huo halimfungi mume. Nikaha husihi, sharti huanguka, na mke hurudishiwa mahari ya mfano wake. Mtu asiyejua khitilafu hii huandika sharti akadhani amefunga mlango, kumbe kwa kadhi atakuta uko wazi.

Na liko jambo la nafaka. Katika madhehebu yetu nafaka huwa wajibu juu ya mume pale mke anapojisalimisha kwake, si kwa tamko la nikaha peke yake. Kwa hiyo wale wanaofunga nikaha na kila mmoja akabaki kwao mpaka likizo, wajue hesabu yao. Wajue pia kwamba wamekwisha kuwa mume na mke: mmoja akifa mwenzake humrithi, na mume akimwacha kabla ya kumwingilia ana nusu ya mahari yaliyotajwa na hana eda. Si uchumba huo. Tena mke akitoka kwenda kazini bila ya idhini ya mume huhatirisha nafaka yake. Kwa hivyo idhini ya kazi isiachwe ikaelea hewani kama jambo linalojulikana. Iombwe na itolewe kwa ulimi, mbele ya watu, kabla ya tamko.

Tulichowashauri ni hiki, nacho ni rai yetu, na aliye na rai bora atuandikie. Mume aulizwe yeye mwenyewe, si ami yake, mbele ya walii na mashahidi: je, wamwoa mwalimu, na wajua kwamba ni mwalimu, na wamruhusu kuendelea? Akisema naam, iandikwe, atie sahihi. Madhehebu yoyote atakayohukumu nayo kadhi, ahadi ile ni ahadi, na Qur'ani imewaamrisha waumini watimize mapatano katika mwanzo wa Sura ya Maida. Na maandishi yale yataje kazi, yasitaje mji. Kwani mwalimu huhamishwa. Mwaka 2018 Tume ilianza siasa ya kuwahamisha walimu kutoka kwao, khasa wakuu wa shule, na wengi walijikuta mbali na nyumba zao. Aliyeshurutisha Garsen hana neno akipelekwa Voi.

Tena wakubaliane juu ya mshahara kabla haujaingia. Kwa sharia mshahara wa mke ni wake, kama mahari yake yalivyo yake, na nafaka ya nyumba haikuhamia kwake kwa kuwa naye ana kazi. Mwanamke mwenye mali aliyetaka kumpa mumewe aliulizia zamani: Zainabu mke wa Ibn Masud alimwulizia Mtume S.A.W. kama sadaka yake yafaa kwa mumewe na mayatima walio mikononi mwake, akajibiwa kwamba ana thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Basi kile kilichoitwa sadaka hakiwezi kuwa ni haki ya mume. Hata hivyo twawaambia mabibi walimu wasikae na daftari ya kuhesabu kila kilo ya mchele. Nyumba haikujengwa kwa hukumu za mahakama. Twataka tu kila mmoja ajue kipi ni haki na kipi ni wema, ili wema ushukuriwe.

Waliosema kwamba kazi ya kusomesha haimfalii mke wa watu, tuliwakumbusha Shifaa binti Abdullahi, ambaye katika Sunan ya Abu Daud imekuja kwamba alimfunza Bibi Hafswa, mke wa Mtume, kuandika. Safari ya mwanamke pasi na maharimu ni mlango mwengine, na tutauandikia somo lake mbali. Katika jambo hili ulijifunga wenyewe, kwani nikaha ilipotangulia mume ndiye aliyemsindikiza.

Neno moja dogo la karatasi, kwa kuwa limewataabisha wengi. Bibi mwalimu asiharakie kubadilisha jina lake likafuata la mume. Uislamu haukumtaka afanye hivyo; Bibi Aisha alibaki ni binti Abubakar. Na jina lililo katika vyeti vya shule, na katika nambari ya ualimu, na katika kitambulisho, na katika benki, likikhitilafiana hata kwa herufi, mshahara husimama, naye huanza kupanda ngazi za maofisi huku na huku.

Nikaha ilifungwa Alkhamisi baada ya sala ya Alasiri. Kabla ya khutba kijana aliulizwa lile swali, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka safu ya nyuma kwamba alipoposa aliposa mwalimu. Akatia sahihi, na mashahidi wakatia zao. Ami yake hakuhudhuria. Watu walikula halua na kahawa, na kila kitu kikaisha kabla ya adhana ya Maghribi. Mwenye ukumbi alikataa kuirejesha arubuni yote, akarejesha nusu, na mzee akaivumilia hasara. Mama yake binti alikaa siku mbili hasemi na mtu. Siku ya tatu alionekana akimfungia binti yake vyombo na godoro. Jumamosi mume na mke walipanda basi la Malindi kuelekea Garsen, na Jumatatu asubuhi binti akaingia darasani.

Kupamba kukawekwa wiki ya pili ya likizo ya Aprili. Mama alitaka wiki ya kwanza, na binti akampigia simu kumwomba amstahi siku saba, kwani ana madaftari ya mtihani ya madarasa matatu hajayasahihisha.